Ungeweka Nakala

Kuna watu wanaopenda picha na kuna watu wanaopenda kamera, na Mungu atuepushe na siku hao wa pili watakapokabidhiwa jambo la maana. Tumpe alilijua hilo kwa machungu. Alikuwa na studio ndogo pale Ipogolo, bondeni chini ya mji wa Iringa, akipiga picha za pasipoti, za kipaimara na za harusi, na kamera yake moja ilikuwa imechubuka mpaka jina la kiwanda limefutika. Kosa lake, kama ni kosa, lilikuwa kujiunga na kundi la WhatsApp linaloitwa Jicho la Nyanda za Juu.

Jamani, lile kundi! Kulikuwa na Jatin, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyenunua kila kamera mpya inayotoka na asiibandue nailoni hata moja. Ukimwomba akuonyeshe picha alizopiga, anakuonyesha boksi. Kulikuwa na Mzee Burhanuddin, aliyerithi kamera ya filamu kwa baba yake. Filamu siku hizi ni za kutafuta kwa tochi, kwa hiyo mzee wa watu alikuwa anasubiri mwanga mzuri. Aliusubiri asubuhi, akausubiri jioni, na filamu iliyokuwa ndani ya ile kamera ilikuwa na umri wa mtoto wa chekechea. Kulikuwa na Eliezeri, mwalimu wa hesabu. Huyo akipiga picha moja tu anainamia skrini, anaikuza, anaikuza tena, mpaka ahesabu kope za mtu, na kope moja ikiwa haijatulia basi siku yake imeharibika. Na Aroni, fundi magari, yeye alikuwa anabadilisha lenzi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Ndege akitua mtini, Aroni anafungua lenzi fupi, na akimaliza kufunga ndefu ndege yuko Dodoma.

Juu yao wote alikaa Philbert. Alifanya kazi ofisini mjini, shati limechomekewa, kalamu mfukoni, na hakuna swali lililopita mbele yake bila kujibiwa, liwe limeulizwa au halijaulizwa. Alikuwa na desturi mbili ambazo aliwafundisha wenzake kama katekesimu. Ya kwanza, kadi yoyote inayoingia kwenye kamera yake lazima aifomati, yaani aifute yote ibaki nyeupe, kwa sababu kadi ngeni, alisema, ni mgeni mwenye viatu vya matope. Ya pili, kabla ya kupiga kitu kingine chochote lazima apige ukuta wa matofali. Ukuta, jamani! Eti aone kama mistari imenyooka. Mtu mzima na akili zake anasafiri mpaka Ruaha Mbuyuni, anarudi na ukuta wa choo cha stendi.

Sasa sikiliza alichomfanyia Tumpe.

Mama yake Tumpe alikuwa mtu wa Tukuyu, aliyekuja Iringa kukaa na mwanawe, kisha akaugua na kulazwa Tosamaganga. Mama huyo hakuwahi kucheka mbele ya kamera. Kama wazee wengi wa kule, akiona kamera alikaza uso kama anasomewa mashtaka, na Tumpe, aliyekuwa akichekesha maharusi wa watu kwa riziki yake, alishindwa miaka yote kumchekesha mama yake mzazi. Lakini asubuhi moja walikuwa wamekaa kwenye benchi nje ya wodi wakiota jua, akapita jogoo wa jirani, akadokoa andazi mkononi mwa mgonjwa mmoja mwanamume na kukimbia nalo, na yule mgonjwa akamfukuza na shuka lake kiunoni. Mama alicheka. Alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani, pengo likaonekana, machozi yakamtiririka. Tumpe akapiga picha.

Alasiri ya siku hiyohiyo kundi lilikutana kwenye mwamba wa Gangilonga, na Tumpe akapitia hapo akitokea hospitali, kadi ikiwa bado ndani ya kamera. Philbert alikuwa amekuja na kamera mpya na amesahau kadi nyumbani.

"Dada Tumpe, niazime kadi yako, nijaribu tu mara mbili."

"Kaka Philbert, ina picha za mama. Usiifute, tafadhali."

"Unanionaje?" alisema Philbert, akaichukua.

Akaiweka. Kidole chake kikaenda chenyewe, kikaifomati, huku mdomo wake ukiwaeleza wengine habari za betri. Kisha akageukia nyumba iliyokuwa inajengwa pembeni, akaachia ile mashine yake itatarike, trrrrr, matofali, matofali, matofali, mpaka kadi ikajaa. Fundi wa kompyuta mjini alihangaika nayo siku nzima, akasema kama kadi ingekuwa imefutwa tu angeweza kuzirudisha, lakini hapo pamefutwa na pameandikwa juu yake. Mama yake Tumpe alikuwa amefunikwa na matofali.

Philbert aliomba msamaha? Thubutu! Alisema, mbele ya kundi zima, "Ungeweka nakala, dada. Hilo ni somo la darasa la kwanza." Wakacheka. Jioni akaliandika kwenye kundi kama funzo, watu wakaweka vidole gumba na vikatuni vya kucheka.

Haikupita muda mama akafariki. Juu ya jeneza waliweka picha ya kitambulisho cha taifa iliyokuzwa, amekunja uso, ana chenga mashavuni, na kila aliyeinama kuaga aliagana na ule uso wa kituo cha kuandikishia. Tumpe alisimama pale kaburini Tukuyu, mvua inamnyeshea, na neno alilokuwa nalo moyoni halikuwa la sala. Alijiambia kwamba Philbert atalilipa hili, na atalilipa kwa sarafu hiyohiyo. Wala hakujitoa kwenye kundi. Alibaki humo, akasalimia watu asubuhi, akasifia maboksi ya Jatin, na Philbert akamweka kiporo.

Kiporo kilipata moto wake mwaka uliofuata. Philbert alitangaza kwamba mama yake, Mama Rozalia, anafanyiwa ibada ya shukrani na sherehe kwao Uyole, Mbeya. Kulikuwa na jambo la siri. Dada yake mkubwa Mama Rozalia, Bibi Tusajigwe, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka kule Karonga, alikuwa anakuja. Hawa ndugu wawili hawakuwa wameonana tangu msiba wa baba yao, na watoto walipanga kumficha bibi nyuma ya pazia la ukumbi, kisha pazia lifunguliwe.

"Naitaka sekunde ile pazia linapofunguka," Philbert aliandika. "Mama yangu hajawahi kucheka kwenye picha hata siku moja. Siajiri mtu wa mtaani na kakamera kake. Nawataka nyinyi, wataalamu, kila mtu na mashine yake."

Tumpe aliyasoma hayo maneno akiwa anapanga pasipoti za mteja. Hajawahi kucheka kwenye picha! Damu ilimchemka mpaka akakata pasipoti moja kichwa. Halafu akaandika, kwa adabu zote, "Nami nipo, kaka. Nitakuja kusaidia."

Mpango wake haukuwa na uchawi wala wizi. Alikuwa anawajua wale watu, basi. Angehakikisha sekunde ile inampita kila mmoja wao, ibaki kwake peke yake. Kisha angemwita Philbert, amwonyeshe picha, amwache aitazame vizuri mpaka macho yamlegee, halafu aifute mbele yake.

Walisafiri kwa gari la Jatin, wakapanda Mafinga, wakanywa chai Makambako, na njiani Tumpe alipanda mbegu zake mojamoja, taratibu.

"Jatin ndugu yangu," alisema, "nasikia kutakuwa na ndafu wawili, na jiko liko mlangoni kabisa mwa ukumbi. Ule moshi wa mafuta ya mbuzi si unaingia kwenye lenzi?"

Jatin alipunguza mwendo wa gari. Alipofika Igawa alikuwa ameshauliza mara tatu kama Uyole kuna duka linalouza nailoni pana.

"Mzee Burhan, hiyo ndiyo filamu ya mwisho? Usiiharibu kwa taa za ukumbini. Madirisha ya upande wa magharibi saa kumi na moja, wee, utaona mwanga wa dhahabu."

"Binti, wewe unaelewa," Mzee Burhanuddin alisema, na akaishika kamera yake kifuani kwa mapenzi.

Kwa Aroni aliuliza tu kama ile lenzi fupi itafika mpaka jukwaani. Hakuhitaji kuuliza zaidi. Aroni akaanza kufungua begi gari likiwa bado linatembea. Eliezeri alimwacha, huyo hana haja ya kuchokozwa mapema.

Huko ukumbini Philbert mwenyewe akamsaidia. Alikuwa amemwagiza MC atangaze kwamba simu zote zikae kwenye kapu mlangoni, kwa kuwa zinaharibu rangi na wataalamu wapo. Shangazi mmoja alilalamika kuwa anataka kumpiga wifi yake picha walau moja ya kumbukumbu. Philbert akamchukulia simu mkononi, kwa tabasamu, akaitumbukiza kapuni. "Shangazi, hizo ni picha za kuchezea. Utapata picha za kweli."

Sherehe ikaenda. Mama Rozalia alikaa kwenye kiti chake kilichopambwa, kitenge kipya, kilemba, amekaza uso kama kawaida ya wazee wetu. Jatin alizunguka na kamera iliyofungwa nailoni mara mbili, haoni kitu. Mzee Burhanuddin alikaa dirishani akisubiri saa kumi na moja. Ilipobaki kidogo MC apandishe sauti, Tumpe alimwinamia Eliezeri, akamnong'oneza, "Mwalimu, ile ya kukata keki, hebu iangalie. Naona kama jicho la kushoto halijatulia." Eliezeri akainama. Alipoinama vile mtu angeweza kumwibia kiti alichokalia.

Bado Philbert. Alikuwa amesimama mahali pazuri kabisa, mguu mbele, kidole kwenye kitufe, macho kwenye pazia. MC akasema, "Mama Rozalia, kuna zawadi moja haikufungwa kwenye boksi..."

Tumpe akasogea nyuma ya bega la Philbert. "Kaka, samahani, mimi mwanafunzi wako. Hivi hizi chenga kwenye picha za ukumbini hasa zinasababishwa na nini?"

Loo! Ungemwona. Mtu aliitikisa shingo yake kana kwamba inavutwa na kamba. Alitazama pazia, akamtazama Tumpe, akatazama pazia. Swali limeulizwa, na halijajibiwa.

"Swali zuri sana," alisema Philbert, akageuka mzimamzima, akalipa pazia mgongo. "Watu wengi wanadhani ni giza. Hapana. Ni hivi..."

Pazia likafunguka.

Bibi Tusajigwe alitoka na fimbo yake, akaitupa. Mama Rozalia alisimama, akaita jina la dada yake kwa sauti ya msichana mdogo, na wale wanawake wawili wakakimbiliana, wakakosana kidogo, wakagongana vilemba, wakaanguka wote kwenye kochi la heshima miguu juu. Viatu vilitoka. Ukumbi mzima ulilipuka kwa vigelegele. Na Mama Rozalia alicheka. Alicheka kwa kinywa chote, pengo waziwazi, machozi shavuni, kilemba kimemtoka.

Tumpe alikuwa na jicho kwenye kamera yake chakavu, na kwa muda mfupi hakumwona mama wa Philbert. Alimwona mama yake kwenye benchi la Tosamaganga. Lakini mkono ulikuwa unajua kazi yake, na akapiga.

"Tumepata?" Philbert alirukaruka. "Nani amepata?"

Alimwendea Jatin, Jatin akawa bado anang'oa gundi ya nailoni kwa meno. Aroni alikuwa na mwili wa kamera mkono wa kulia na lenzi mkono wa kushoto. Eliezeri aliinua kichwa akauliza, "Nini kimetokea?" Mzee Burhanuddin alisema kwa upole kwamba ameliona jambo lote, lilikuwa zuri mno, lakini mwanga ulikuwa bado. Philbert akashika kichwa kwa mikono miwili. Kwenye kamera yake mwenyewe ya mwisho ilikuwa picha ya ukuta wa ukumbi, aliyojaribia asubuhi.

Akabaki Tumpe. Philbert alimjia jasho linamtoka, sauti imepungua. "Dada Tumpe. Niambie unayo."

"Ninayo."

Alimgeuzia skrini. Philbert aliitazama, na midomo ikamcheza kama mtoto anayetaka kulia. Hapo ndipo alipopataka Tumpe. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta, na moyo wake ulikuwa mtamu, nasema kweli, mtamu kama asali ya nyuki wadogo.

"Mwanangu," sauti ikasema nyuma yake. Ni Mama Rozalia, bado anapangusa macho, amemshika dada yake mkono. "Ni wewe uliyenipiga nacheka? Mwe! Tangu nizaliwe sijayaona meno yangu kwenye picha. Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Nikifa wataweka hiyo."

Kidole kikamfa ganzi Tumpe. Aliweza kumfanyia Philbert lolote, huyu mama hakuweza. Akachomoa kadi kwa hasira, hasira ya kujiona mjinga, akampa Philbert. "Chukua. Kawaonyeshe watu."

MC alikuwa ameshawasha skrini kubwa. Philbert aliipokea kadi, akaisukuma kwenye mashine yake yenye waya wa skrini, na papo hapo rangi yake ikarudi, maana sasa alikuwa na hadhira. Akaanza kumweleza MC ubora wa ule waya. Na huku anaeleza, Tumpe akakiona kile kidole gumba kikienda chenyewe. Angeweza kusema neno moja. Angeweza kukohoa tu.

Alinyamaza kimya, mikono kifuani.

Kidole kikabonyeza, kikabonyeza tena kukubali. Kisha Philbert, bado anazungumza, akainua kamera kuelekea ukuta wa nyuma wa ukumbi, trrrrr, trrrrr, trrrrr, ajaribu kadi ngeni. Na kwenye skrini kubwa, mbele ya mama, mama mkubwa, paroko, kamati na mashangazi walionyang'anywa simu, yakatokea matofali. Mstari kwa mstari, yamenyooka vizuri sana.

Watu walidhani ni utani. Philbert alitazama skrini, akatazama kamera mkononi, akajikalia kwenye spika ya MC. Tumpe akamsogelea. Tumpe hakupandisha sauti, wala hakuhitaji.

"Ungeweka nakala, kaka Philbert. Hilo ni somo la darasa la kwanza."

Alimwona akikumbuka. Ilimpanda usoni pole pole, Gangilonga, ile nyumba iliyokuwa inajengwa, vile vikatuni vya kucheka, na Jatin na Aroni na mwalimu wakainamisha vichwa, kila mtu anatazama viatu vyake. Tumpe alichukua begi lake, akampita shangazi wa watu anafukua kapu kutafuta simu yake, akatoka.

Sasa, kamera ile chakavu ilikuwa na tundu la kadi ya pili. Tangu mama alipofunikwa na matofali, Tumpe hakuwahi kupiga picha hata moja isiyoandikwa mahali pawili. Hakumwambia mtu. Aliisafisha picha pale Ipogolo, akaikuza kubwa, akaitia fremu ya mninga, na wiki iliyofuata akaipakia kwenye basi, akaipeleka Uyole mwenyewe.

Mama Rozalia alipoifungua alicheka upya. Akamkalisha Tumpe, akamwekea ndizi na nyama, kisha akauliza kwa nini hakumpa Philbert. Tumpe hakuwa amepanga kusema, lakini alisema yote, jogoo, benchi, kadi, mpaka ile picha ya kitambulisho juu ya jeneza. Mama yule alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, Mama Rozalia aliitazama ile picha.

"Philbert wangu alikwambia hivyo? Mamako yuko hospitali?"

"Ndiyo, mama."

"Na kwangu hapa hajafika tangu sherehe. Anapiga simu kuuliza kama picha imepatikana, hajaniuliza nimelalaje." Akainuka, akaita watu wamletee msumari na nyundo. "Hii haitoki kwenye nyumba hii. Na hakuna mtu wa kuipiga picha kwa simu yake. Lile kapu la sherehe bado ninalo, nitaliweka mlangoni."

Habari zilifika Iringa kabla Tumpe hajashuka kwenye basi. Philbert alimpigia akiwa anafungua mlango wa studio. Hakuwa na lile lisauti la darasani.

"Dada Tumpe, mama anasema picha ipo. Nitumie hata kwa WhatsApp. Nakuomba. Nataka tu niwe nayo."

"Ya mama yako iko Uyole, ukutani, sebuleni kwake. Ukitaka kumwona anacheka, panda basi uende ukakae naye." Tumpe alibadilisha simu sikio. "Mimi wangu nikitaka kumwona anacheka, nipande basi gani, Philbert?"

Huyo mjuzi wa kila swali alikaa kimya upande wa pili. Tumpe alingoja, akampa nafasi ya kujibu. Kisha akakata simu, akamwita mteja wa kwanza aingie.